Daktari wa Michezo Atamtibu Nani?

Swali lililo juu ya makala hii hatukulitunga sisi. Liliulizwa na mzee mmoja wa parokia yetu, Jumapili moja baada ya Misa ya pili, halmashauri ya walei ilipokaa chini ya mwembe kusikiliza ombi la mwalimu mmoja. Mwalimu huyo ni binti yetu. Alibatizwa hapa, akapata Kipaimara hapa, na kwa miaka kadhaa amefundisha elimu ya michezo katika shule ya sekondari iliyo kando ya barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Bagamoyo. Alikuja kutuambia kwamba amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu katika uongozi wa michezo na sayansi ya mwendo wa mwili. Ada angeihangaikia mwenyewe. Alichoomba kwetu ni mchango wa nauli na fedha za kuanzia maisha huko aendako, pamoja na barua ya paroko.

Tulikaa kimya kidogo. Ndipo yule mzee akauliza, bila ubaya wowote: "Mwanangu, udaktari wa mpira? Sasa daktari huyo atamtibu nani?"

Tulicheka, na yeye mwenyewe akacheka pamoja nasi. Lakini kicheko kilipokwisha swali lilibaki mezani, na wengine wetu tuliona afadhali libaki pale, kwa kuwa tulikuwa na deni kwa mwalimu yule ambalo hatukupenda kulitaja. Deni hilo tutalieleza baadaye. Kwanza tulitendee haki swali lenyewe, kwa sababu ni swali la watu wengi: je, Mkristo anayetafuta kumtumikia Mungu anaweza kutoa miaka mitatu, minne au mitano ya uhai wake asome mambo ya kukimbia, kuruka na kucheza?

Pingamizi zilizotolewa siku ile zilikuwa tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kijinga.

Ya kwanza ilikuwa ya umaskini wetu. Paa la kigango kimoja linavuja. Wapo yatima wanaohitaji sare na madaftari. Wapo wagonjwa ambao jumuiya zao huwachangia fedha za dawa kila mwezi. Shilingi inayokwenda kwa msomi wa michezo imetoka mahali pengine palipokuwa na kilio.

Ya pili ilitoka katika Maandiko. Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 4, anayaweka mazoezi ya mwili na utauwa kwenye mizani moja, na mizani inaelemea upande wa utauwa. Kwa nini basi sisi tuweke nguvu upande ule mwepesi?

Ya tatu ilitokana na yale tunayoyaona kwa macho. Michezo tunayoijua siku hizi imejaa vijana wanaoshinda vibandani wakijaza mikeka ya kubashiri, matusi ya mashabiki, na viongozi wa vyama wanaogombea viti kuliko wachezaji wanavyogombea mpira. Aliyeingia katika biashara hiyo atatokaje safi?

Tuanze kwa kusema elimu hii ni nini, maana wengi tulikuwa tunahukumu jambo tusilolijua. Ina matawi mawili. Tawi la kwanza huchunguza jinsi mwili wa mwanadamu unavyosogea: mfupa, msuli, kano, moyo na mapafu vinavyoshirikiana mtu anapotembea, anaponyanyua ndoo, anapoogelea au anapojifunza kutembea tena baada ya kupooza. Tawi la pili huchunguza jinsi michezo inavyoongozwa: fedha, mikataba, viwanja, usalama wa watazamaji, na ulinzi wa watoto mikononi mwa makocha. Vyuo vikuu kama Ibadan cha Nigeria na Kenyatta cha Kenya vimefundisha elimu ya aina hii kwa muda mrefu. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na Malya, wilayani Kwimba, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo. Baraza la Michezo la Taifa lenyewe liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, wakati taifa likiwa bado changa na lenye njaa ya kila kitu. Mtu angeweza kuuliza wakati ule pia kwamba michezo ni ya nini. Angeweza kuuliza vilevile mwaka 1981, Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa hapa Bagamoyo: ngoma nayo inasomewa? Leo watu wanatoka nchi za mbali kuja kuisomea.

Na neno "daktari" lisitubabaishe. Katika Kilatini, asili yake ni mwalimu. Kanisa letu linalijua hilo vizuri, kwani wale tunaowaita Walimu wa Kanisa, kama Agostino na Thoma wa Akwino, kwa Kilatini huitwa kwa jina hilohilo la udaktari. Mwaka 1970 Papa Paulo VI aliwaongeza wanawake wawili, Teresa wa Avila na Katarina wa Siena, na hakuna kati yao aliyekuwa na hospitali. Kiswahili nacho kimetupa neno zuri: uzamivu. Sisi watu wa pwani tunajua kuzamia. Tunawajua wanaozamia pweza na kome kwenye miamba. Hatumsifu mzamiaji kwa sababu amekaa chini ya maji muda mrefu. Tunaangalia ameibuka na nini mkononi, na nani atakula usiku huo.

Basi, je, katika kina hicho cha elimu ya mwili kuna kitu cha kuibuka nacho?

Imani yetu inasema kipo. Sisi tunasadiki kwamba Neno alitwaa mwili, na Jumapili kwa Jumapili tunakiri ufufuko wa miili. Paulo yuleyule aliyemwandikia Timotheo aliwaambia Wakorintho kwamba miili yao ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Kor 6:19). Na alipotaka kuwaeleza juhudi ya Mkristo, alichukua mfano wa wakimbiaji na mabondia (1 Kor 9:24-27), akijua kwamba karibu na mji wao yalifanyika mashindano makubwa ya Isthmia kila baada ya miaka miwili. Kama angeona michezo ni uchafu asingeitumia kuwaeleza wokovu. Naye nabii Zekaria, alipopewa maono ya Yerusalemu iliyopona, aliona wazee wameketi njiani na fimbo zao, na njia zimejaa watoto wa kiume na wa kike wakicheza (Zek 8:4-5). Kwa nabii huyu, watoto kucheza ni dalili kwamba Mungu amerudi mjini. Mwaka 2018 Vatikani ilitoa hati nzima kuhusu michezo, ikiitazama kama sehemu ya malezi ya mtu, na ikionya juu ya mwili wa mchezaji kugeuzwa kuwa chombo tu.

Onyo hilo ndilo lililotugusa, kwa sababu sisi tunaishi Bagamoyo, na Bagamoyo inajua maana ya mwili kugeuzwa chombo.

Kila mtoto wa hapa amesikia maana mbili za jina la mji wetu. Wapo wanaosema ni bwaga moyo kwa furaha: mpagazi aliyetoka bara, akiona bahari, alitua mzigo na kupumzika. Wapo wanaosema ni bwaga moyo kwa uchungu: mtumwa aliyefika ufukweni aliuacha moyo wake hapa, maana mwili ulikuwa unapakiwa jahazini. Maana zote mbili zinahusu mtu na mzigo. Mpagazi wa kawaida alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi kidogo, na njia ya kutoka hapa mpaka Ujiji ni zaidi ya kilometa 1,000. Wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru wenye ujira na sifa zao. Wengine walikuwa watumwa, na pembe ya ndovu mabegani mwao ilikuwa bidhaa iliyobebwa na bidhaa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni hapa mwaka 1868 waliwakomboa baadhi yao, na mwanzo wa Kanisa letu ni kijiji cha watu hao, watu ambao miili yao ilikuwa imewekewa bei.

Na upo msafara mwingine tunaoukumbuka. Mwezi wa pili mwaka 1874 waliingia hapa Chuma na Susi na wenzao, wakiwa wameubeba mwili wa David Livingstone kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Safari hiyo iliwachukua karibu miezi tisa. Bwana wao alikuwa amekufa. Hakuwapo tena wa kuwalazimisha. Waliamua wenyewe.

Sasa fikirini. Mtumwa, mpagazi wa ujira, na Susi. Mabega ni yaleyale, jua ni lilelile, na kilo zaweza kuwa zilezile. Sayansi ya mwendo ikiwapima wote watatu inaweza kuandika hesabu moja ya jasho na pumzi. Lakini mbele ya Mungu hizo ni safari tatu tofauti kabisa, na kinachozitofautisha ni swali moja: nani aliutwika mzigo huu?

Swali hilo halijapitwa na wakati. Mwaka 1986 Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya wanawake wa Kijaluo na Kikuyu nchini Kenya wanaobeba mizigo, wale kwa kichwa na hawa kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Waliona jambo la kushangaza: mwanamke aliyezoea aliweza kubeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wake bila mwili kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 watafiti walieleza sababu: mtu atembeapo hupanda na kushuka kama bembea, na wanawake hao walijifunza kutopoteza nguvu ya bembea ile. Wengine hawakukubali kwa urahisi. Utafiti wa mwaka 2010 juu ya wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini haukuiona nafuu hiyo. Ndivyo elimu inavyokwenda, huyu anapima na yule anapima tena.

Tulipoelezwa habari hizi na mwalimu wetu, akina mama wa WAWATA waliguna. Mmoja alipiga hesabu palepale. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Mama wa kilo 60, sehemu yake ya tano ni kilo 12. "Kwa hiyo," alisema, "hizo nane zilizobaki nazilipia mimi." Tukacheka tena, lakini huyo mama alikuwa amegusa kiini cha jambo. Elimu inaweza kustaajabia jinsi mwanamke anavyobeba ndoo vizuri, ikaishia hapo. Au inaweza kuendelea na kuuliza kwa nini bomba liko mbali. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani ukiwa begani kwa mwingine huonekana mwepesi kama pamba. Faida ya kwanza ya kumsoma mwanadamu anavyosogea ni kuvunja uongo huo. Inatulazimisha kuupima mzigo wa mwenzetu kwa kilo zake halisi.

Hapa ndipo tunapolazimika kulitaja deni letu.

Miaka kadhaa iliyopita parokia yetu iliandaa bonanza la vijana. Timu yetu ilifika fainali dhidi ya parokia jirani, na zawadi ilikuwa mbuzi na seti ya jezi. Katika nusu fainali kijana wetu mmoja, mshambuliaji hodari, alijipinda goti akaanguka. Jioni lilikuwa limevimba. Mwalimu huyuhuyu alikuwapo. Alituambia wazi kwamba goti lililovimba namna ile halichuliwi wala kupashwa moto siku za mwanzo, kwamba lipozwe, lifungwe, lipumzishwe, na kijana apelekwe kupigwa picha hospitalini. Alituambia kwamba fainali ya siku ya pili haimhusu tena.

Sisi tulimjibu kwamba yeye ni mwalimu wa michezo, atuachie wenye timu. Tukamwita mtu wa kuchua. Akamchua kwa mafuta ya moto usiku kucha, kijana akiuma shuka. Asubuhi tulimfunga bendeji, na alipositasita tukamsimulia habari za John Stephen Akhwari. Mnazijua: Mtanzania yule aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaendelea kuchechemea mpaka akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kuchukua dhahabu, kwa sababu aliona nchi yake imemtuma kumaliza mbio. Tukamwambia kijana: huyo ndiye mwanaume. Akaingia uwanjani. Dakika ya ishirini na kitu aliruka kupiga kichwa, akatua kwa mguu uleule. Sauti aliyoitoa tuliisikia sote.

Tulishinda kwa penalti. Mbuzi tulimla. Kijana hakucheza tena. Leo anatengeneza nyavu ufukweni, na anapopanda ngazi za kanisa hutanguliza mguu mmoja kila ngazi.

Tumelifikiria sana jambo hili, na kosa letu tunaliona hivi. Mateso ya Akhwari yalikuwa yake mwenyewe. Alijua mwili wake, aliamua mwenyewe katikati ya barabara ya mji wa mbali, na hakuna aliyemwahidi mbuzi. Sisi tulichukua sadaka ya mtu huru tukaitumia kama fimbo ya kumsukumia mtu mwingine mzigo. Kwa macho ya mpita njia, watu wawili wanachechemea: mmoja Mexico, mmoja kwenye uwanja wa vumbi wa pwani. Lakini yule alijitwika, na huyu alitwikwa. Bwana wetu aliwasema vikali wale wanaofunga mizigo mizito na kuiweka mabegani mwa watu, wasitake wenyewe kuigusa hata kwa kidole (Mt 23:4). Tulikuwa tumezoea kudhani maneno hayo yanawahusu Mafarisayo. Siku ile kamati nzima ya michezo ya parokia ilikuwa ndani yake.

Ndiyo maana tunasema kuwa tawi la pili la elimu hii, la uongozi, ni jambo la kiroho kuliko linavyoonekana. Kiongozi wa michezo ni mtu aliyekabidhiwa miili ya wengine. Anaamua nani acheze, saa ngapi, kwenye jua gani, kwenye uwanja gani, na milango ifunguliwe lini. Tarehe 9 Mei 2001, katika uwanja wa Accra nchini Ghana, watu 126 walikufa, polisi walipopiga mabomu ya machozi kwenye majukwaa na umati ukakimbilia milangoni. Tarehe 24 Januari 2022, kwenye uwanja wa Olembe nchini Kamerun, watu wanane walikufa katika msongamano wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika, na rais wa shirikisho la soka la Afrika alisema lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Watu wale hawakuuawa na adui. Wengi walikufa kwa sababu mahali fulani hapakuwa na mtu aliyejua wajibu wake na kuutimiza. Kombe hilo la mwaka 2027 limepangwa kuja Kenya, Uganda na Tanzania. Tunahitaji watu waliosomea milango, na wenye dhamiri ya kuhakikisha iko wazi.

Na kabla ya viwanja vikubwa tuvitazame vidogo. Kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege hadi huku kwetu, ardhi inapimwa na kuuzwa kila siku, na penye uwanja wa watoto panaota ukuta. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apate walau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na mtu mzima walau dakika 150 kwa wiki. Tukiwa tumeuza kila mahali pa kukimbilia, dakika hizo zitapatikana wapi? Kisha tunashangaa shinikizo la damu na kisukari kuingia kila nyumba. Nani atasimama mbele ya halmashauri na kuonyesha kwa hesabu thamani ya kiwanja kisichozaa kodi? Anayeweza ni mtu aliyezamia akaibuka na jibu. Yale maono ya Zekaria yanahitaji, pamoja na sala, hati ya kiwanja.

Turudi chini ya mwembe. Mabishano yalikuwa yamechukua saa nzima, wengine wakitetea na wengine wakikataa, na hakuna aliyetaja goti. Ndipo tukasikia sauti nyuma. Yule kijana wa nyavu alikuwa amesimama, ameshika shina la mti.

"Naomba kuuliza," alisema. "Siku ile, kama mwalimu angekuwa tayari na hilo jina la daktari, mngemsikiliza?"

Hakuna aliyejibu. Jibu tulilijua, na lilitutia aibu kwa pande zote mbili. Ndiyo, tungemsikiliza. Na hilo halitusifu, kwa sababu alichosema siku ile kilikuwa kweli hata bila shahada. Alikuwa na ujuzi wa kutosha kuokoa goti. Kilichokosekana ni masikio yetu. Tulipima neno lake kwa cheo chake, kwa ujana wake na, tukubali, kwa kuwa ni mwanamke anayefundisha kuruka kamba.

Kwa hiyo hatuandiki makala hii kusema kwamba kila kijana wetu akatafute uzamivu, wala kwamba cheo kinamfanya mtu kuwa mkweli. Paulo alionya kwamba ujuzi huvimbisha kichwa na upendo ndio ujengao (1 Kor 8:1), na sote tumewahi kumwona msomi aliyerudi akiwa hawezi tena kusalimia wazee. Mwalimu wetu tulimwambia hayo kwa sauti, naye aliyapokea. Lakini na sisi tulijiambia: parokia inayosikiliza vyeo tu inawalazimisha watoto wake kusafiri mbali kutafuta jina, ili waje waseme kilekile walichokuwa wakikisema barazani.

Pingamizi zile tatu tulizijibuje? Ya umaskini hatukuifuta. Paa bado linavuja, na tuliamua mchango wa mwalimu usichotwe kwenye mfuko wa wahitaji; kila jumuiya itoe ilichoweza, kwa hiari. Ya Maandiko tuliisoma upya tukaona Paulo anasema mazoezi ya mwili yanafaa kidogo. Kidogo si sifuri, na kwa mtu ambaye goti lake limekufa, kidogo hicho kingekuwa maisha yake yote. Ya tatu, kwamba michezo imejaa uchafu, tuliijibu kwa swali: kama nyumba ni chafu, tumzuie anayetaka kuingia na fagio?

Yule mzee aliyeuliza swali la kwanza ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa, noti iliyokunjwa mara nne. Hakusema ameshawishika. Alisema tu, "Nenda, mama. Ukirudi uje unieleze hili bega langu." Kwa miaka mingi alikuwa mchukuzi wa magunia bandarini. Katika kikao chote kile hakuna aliyekumbuka kumuuliza habari za bega lake.

Kijana wa nyavu hakutoa fedha, na hatukumtazamia atoe. Mwalimu alimfuata baada ya kikao wakakaa pamoja kwenye mzizi wa mwembe, akimwonyesha namna ya kunyoosha mguu na kuukunja polepole, mara kumi, apumzike, mara kumi tena. Paroko alipita, akasimama, akawatazama bila kusema neno. Sisi kamati ya zamani ya michezo tulikuwa tumesimama mbali kidogo. Tulikuwa bado hatujamwomba kijana yule msamaha, kwa miaka yote hiyo. Tukaenda tukamwomba.

Kristo aliwaita kwake wote wanaolemewa na mizigo (Mt 11:28). Mji wetu umebeba jina la kutua mzigo tangu kabla ya babu zetu kulisikia jina la Kristo, na labda kwa sababu hiyo tunapaswa kuwa wepesi kuliko wengine kulielewa neno lake. Yeyote anayesoma mpaka mwisho wa elimu ili ajue jinsi mwili unavyobeba, na jinsi ya kuongoza watu bila kuwatwika, yuko katika njia ya wito huo. Na sisi tunaobaki nyumbani tuna somo letu lisilo na ada wala mahafali: kumtazama jirani anayepita na kujiuliza, mzigo ule nani aliutwika, na je, mkono wangu haumo.